Kuchora theluji kama Monet: anza na kivuli, nyeupe iwe ya mwisho

Watu wakiniona nachora theluji swali lao ni lilelile, sasa wewe si unapaka tu nyeupe, kazi iko wapi hapo? Na mi nawaelewa kabisa, kwa sababu nilipofika huku Norwe kutoka Tanga nilikuwa na wazo hilohilo, theluji nyeupe, basi nunua tyubu kubwa ya nyeupe umalize. Msimu ule wa kwanza nilichora kanvasi tatu na zote zikatoka kama ukuta uliopigwa chokaa, hazina baridi, hazina jua, hazina hata saa, yaani ukiziangalia huwezi kusema kama ni asubuhi au jioni. Kilichonifungua macho ni picha moja ya mchoraji Mfaransa Claude Monet inaitwa La Pie, na ndiyo nataka tuipitie leo hatua kwa hatua, wewe ukichora nakala yako ndogo pembeni. Ukimaliza utajua kwa mkono wako, siyo kwa kusoma tu, kwa nini theluji yake inawaka na ya kwangu ilikuwa imekufa.

Kwanza uijue picha. Monet aliichora baridi ya mwaka 1868 kuingia 1869, maeneo ya Étretat, kijiji cha pwani huko Normandy kaskazini mwa Ufaransa. Alikuwa na miaka 28, mfukoni hana kitu, tajiri mmoja wa Le Havre aliyeitwa Gaudibert ndiye aliyemshika mkono akapata nyumba ya kukaa na mwenzake Camille na mtoto wao Jean ambaye alikuwa bado mdogo sana. Ukubwa wake ni sentimita 89 kwa 130, siyo kadogo. Akaipeleka Salon ya mwaka 1869, yale maonyesho makubwa ya Paris ambayo ukipita umeula na usipopita njaa, wakaikataa. Leo ipo makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris, na watu wanapanga foleni kuiona, lakini mwaka ule picha iliyokuwa karibu yote ni weupe na bluu iliyopauka, haina hadithi, haina mtu hata mmoja, ilikuwa ngumu kumeza.

Ndani yake kuna uzio wa fito zilizosukwa, kama zile fito za nyumba ya udongo kabla hazijakandikwa, una theluji nene juu yake, kushoto kuna geti dogo la mbao limekaa kama ngazi, juu ya geti kuna ndege mmoja. Nyuma miti na nyumba yenye theluji juu ya paa. Basi. Huyo ndege ndiye pie mwenyewe, ukoo mmoja na kunguru, mweusi kwa mweupe na mkia mrefu, ukimjua kunguru wetu yule mwenye shingo nyeupe basi huyu ni binamu yake wa Ulaya.

Vifaa sitakaa navyo sana. Kanvasi au hata kadibodi ngumu iliyopakwa jeso, ile rangi nyeupe ya kutangulizia chini, kama sentimita 30 kwa 44 hivi, hiyo inakupa umbo lilelile la picha ya Monet. Brashi bapa tatu, pana, ya kati na nyembamba. Rangi za mafuta au akriliki, zote sawa, ila akriliki ikikauka inakolea kidogo kwa hiyo changanya nyepesi kuliko unavyotaka. Rangi zenyewe: nyeupe ya titani, bluu ya kobalti, bluu ya ultramarini, njano ya oka, njano ya kadmiamu, nyekundu ile ya alizarini, na kahawia iliyochomwa ile ya siena. Kobalti ni ghali, kama hela haitoshi iache, ultramarini peke yake itakufikisha. Nyeusi usinunue. Nyeupe waliyotumia wakati ule ilikuwa ya risasi, ni sumu, titani inatosha.

Hatua ya 1: tafuta jua liko wapi

Fungua picha kwenye kioo kikubwa kadiri unavyoweza, tafuta ya makumbusho wenyewe maana nyingine mtandaoni zimeongezwa njano au bluu mpaka basi. Usishike brashi. Kaa nayo dakika kumi.

Jua halionekani, lakini angalia vivuli vya uzio vinaanguka wapi, vinakuja upande wetu. Maana yake jua liko mbele yetu, nyuma ya uzio, na liko chini. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote kwenye picha hii na watu wengi wanalipita. Jua likiwa mbele yako, kila kitu unakiona upande wake wa kivuli, uso wa uzio ni kivuli, tumbo la ndege ni kivuli, hata kila kituta cha theluji upande unaotazama wewe ni kivuli, mwanga umekaa mgongoni mwa vitu tu, kwenye ukingo wa juu. Kwa hiyo picha tunayoikumbuka kuwa ni nyeupe na inang'aa, sehemu kubwa ya theluji yake ya mbele haipigwi na jua moja kwa moja!

Na kwa nini liko chini hivyo? Étretat iko karibu digrii 50 kaskazini mwa ikweta, mwezi wa kumi na mbili jua saa sita mchana linapanda digrii 17 tu kutoka upeo wa macho, kwa hiyo kitu cha mita moja kinatupa kivuli cha mita tatu na zaidi. Linganisha na Tanga, hata mwezi wa sita jua likiwa limesogea mbali kaskazini, saa sita linakaa kama digrii 60 na kivuli cha mtu ni nusu ya urefu wake. Sisi tumekulia na kivuli kinachojificha miguuni, ndiyo maana wengi wetu tukianza kuchora nchi za baridi vivuli vyetu vinakuwa vifupi na picha inakataa kukaa. Huku nilipo ndiyo zaidi, Oslo katikati ya baridi jua la saa sita halifiki digrii 7, kivuli cha nguzo ya uzio kinavuka barabara.

Hatua ya 2: jaribio la shuka

Hii fanya popote ulipo, Mombasa, Bujumbura, Maskati, haina haja ya theluji. Anika shuka jeupe juani siku ambayo anga ni safi, halafu simama upate kivuli cha kitu kimeanguka juu yake, tawi au hata mkono wako. Chukua kadi ya kijivu, toboa tundu dogo kama la kalamu, fumba jicho moja na uchungulie kivuli tu, usione kitu kingine chochote. Utaona ni bluu. Siyo kijivu, ni bluu kabisa, na ukisogeza tundu kwenye shuka lililo juani utaona linaelekea umanjano.

Sababu yake ni nyepesi. Mwanga wa jua ukipita hewani, bluu ndiyo inayotawanyika sana kwenda kila upande, hiyo ndiyo inafanya anga liwe la samawati, na unaotufikia moja kwa moja umepungukiwa na bluu kidogo kwa hiyo una joto la njano. Kivulini jua limezibwa ila anga halijazibwa, bado linamwaga mwanga wake pale. Kitu cheusi au cha kijani hakitakuonyesha sana, lakini theluji mpya inarudisha asilimia 80 mpaka 90 ya mwanga unaoipiga na haichagui rangi, ukiipa njano inarudisha njano, ukiipa bluu inarudisha bluu. Yaani theluji yenyewe haina rangi yake, inavaa ya anayeitazama kutoka juu.

Na wazee wetu nyumbani hili walilijua kwa njia nyingine. Unaikumbuka bluu ya kufulia, ile ya unga inayofungwa kwenye kitambaa na kutiwa kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia mashati meupe ya shule? Ile bluu ya zamani ilikuwa ultramarini ya kiwandani, pigmenti ileile iliyoanza kutengenezwa Ufaransa miaka ya 1820 na ambayo Monet na wenzake walikuwa wanaikamua kwenye tyubu. Bibi yangu alikuwa akisema nguo nyeupe bila bluu haijafuliwa. Kitone cha bluu kinafanya jicho lisadiki weupe, na kwenye kanvasi ni hivyohivyo.

Hatua ya 3: panga ngazi ya mwanga kwa penseli

Kwenye karatasi, mchoro mdogo kama kiganja, kunja macho mpaka vitu vidogo vipotee, halafu gawa picha kwenye madaraja matano tu. La kwanza, jeupe kuliko yote, ni theluji iliyo juu ya uzio na vipande vya uwanja vinavyopigwa na jua. La pili ni anga na theluji ya mbali, na hapa wengi wanakosea, wanaacha anga jeupe kabisa, anga lazima lipungue kidogo kuliko theluji yenye jua la sivyo theluji haitawaka. La tatu ni vivuli juu ya theluji. La nne mbao, fito, mashina ya miti. La tano ni ndege peke yake na nyufa chache za giza kwenye uzio.

Angalia daraja la tatu lilivyo jepesi. Kivuli cha theluji ni chepesi kuliko shina la mti lililo juani. Ukikikoleza kama kivuli cha mwembe kwenye udongo mwekundu umeshaiua theluji, hutairudisha.

Hatua ya 4: vunja weupe wa kanvasi

Paka kanvasi nzima mchanganyiko mwembamba wa oka na nyeupe, rangi ya mchanga mkavu uliopauka, uiache ikauke. Nyeupe ya jeso inadanganya jicho, kila utakachoweka juu yake kitaonekana cheusi mno na utakuwa unapaukisha bila kujua. Ukiwa na msingi wenye joto kidogo, sehemu ndogondogo utakazoacha wazi kati ya mapigo ya brashi zitapenya na kuipa theluji uhai. Impreshonisti, yaani Monet na wenzake, walipenda misingi myepesi ya namna hii, hawakufuata ule utaratibu wa zamani wa kuanza na kahawia nzito.

Hatua ya 5: changanya nyeupe tatu kabla hujaanza

Hapa usiwe na haraka, mi natumia muda mrefu kwenye paleti, ubao wa kuchanganyia rangi, kuliko kwenye kanvasi.

Nyeupe ya jua: nyeupe ya titani kiasi cha kijiko cha chai, oka kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, njano ya kadmiamu nusu ya hiyo. Ikitoka vizuri inafanana na ganda la yai la kienyeji lile jeupe. Ukiiona njano umezidisha.

Nyeupe ya anga: nyeupe na kobalti kidogo sana, hii ni kwa theluji ambayo haiko kivulini wala haijapigwa jua sawasawa, ile iliyolala inatazama juu.

Bluu ya kivuli: nyeupe, kobalti robo yake, ultramarini kidogo, halafu nyekundu ya alizarini kwa ncha ya kisu ili ielekee zambarau, halafu oka kitone kuituliza. Hicho kitone cha oka usikisahau. Mara ya kwanza nilitumia bluu na nyeupe tupu, vivuli vikatoka kama maji ya bahari ya Pangani saa nane mchana, vizuri sana kwa bahari lakini siyo theluji. Unatafuta rangi ya shati la samawati lililofuliwa miaka miwili.

Sasa jaribu. Weka tone la bluu ya kivuli peke yake kwenye karatasi, utaliona kama kijivu kilichochoka na utashawishika kuongeza bluu. Usiongeze. Weka tone la nyeupe ya jua kando yake ligusane nalo, palepale bluu itaamka na ile nyingine itapata joto. Hili jambo alilieleza mkemia Michel-Eugène Chevreul kwenye kitabu chake cha mwaka 1839, alikuwa anasimamia rangi za nyuzi pale kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, watu wakalalamika kwamba rangi nyeusi haijakolea, akachunguza akakuta nyeusi haina tatizo, tatizo ni bluu na zambarau zilizowekwa jirani yake. Rangi inabadilika kwa jirani. Mtu yeyote aliyechagua kanga dukani anajua, nyekundu ileile kwenye mji mweupe na kwenye mji mweusi ni kama nyekundu mbili.

Hatua ya 6: anga na mbali

Haraka haraka, brashi pana. Nyeupe, oka kidogo, kobalti kidogo, na alizarini kwa mbali sana. Usifanye anga la samawati la postikadi, la Monet hapa limepauka, lina kijivu chenye joto, kama hewa iliyojaa unyevu wa bahari. Unaweza kujiuliza kama anga lenyewe halijawa bluu kali mbona vivuli ni bluu? Upande wa jua, chini karibu na upeo wa macho, anga huwa limepauka siku zote, bluu yenyewe iko juu ya kichwa na nyuma yetu, mahali ambapo picha haifiki. Theluji inaiona hata kama sisi hatuioni, na kwangu mimi huo ndio uzuri wenyewe wa picha hii, nusu ya anga lake unaisoma chini.

Miti ya mbali na nyumba ziweke kwa kahawia na ultramarini zilizotiwa nyeupe nyingi, kingo zilegee. Usihesabu madirisha.

Hatua ya 7: vivuli, hapa ndipo picha inapozaliwa

Chukua bluu ya kivuli na uweke kivuli chote cha uzio mara moja, kutoka chini ya fito kuja mbele. Mapigo yalale, yafuate ardhi ilivyo, kwa sababu theluji siyo meza, ina matuta na mabonde na kivuli kinapanda na kushuka nayo, na ni hicho kivuli kinachomwambia mtazamaji kwamba pale kuna kibonde. Ukipiga mistari iliyonyooka kwa rula umepaka mkeka.

Ukingo wa kivuli karibu na uzio uwe mkali, ukienda mbali uulegeze. Jua siyo nukta, ni duara lenye upana wa nusu digrii huko angani, kwa hiyo kila kivuli kinapokwenda mita moja mbali na kitu chake ukingo unafifia kama sentimita moja hivi. Inasikika ndogo lakini kivuli cha mita nne au tano kinaonyesha, na ukilifanya hili tu, hata kama umekosea mengine yote, ardhi yako italala chini.

Ndani ya kivuli usiweke rangi moja. Sehemu inayotazama juu iwe bluu zaidi, sehemu inayotazama theluji yenye jua ipate zambarau au hata waridi kidogo kwa sababu mwanga wenye joto unadunda kutoka pale na kuingia kivulini. Niliposimama mbele ya picha yenyewe Paris hiki ndicho kilichonishika, mbali unaona bluu, ukisogea unakuta bluu, zambarau, kijivu, na vipande vya rangi ya maziwa yenye chai kidogo, vyote vimelala pamoja na hakuna kinachogombana. Nilisimama pale mpaka miguu ikauma, nikarudi tena siku ya pili kabla ya treni.

Hatua ya 8: uzio na miti

Kahawia ya siena na ultramarini zinakupa giza zuri lenye joto au baridi kulingana na unavyozidisha, ndiyo maana nilisema nyeusi usinunue. Fito usizichore moja moja, weka giza la jumla halafu toa chache. Na chini ya kila mbao ongeza kijivu chepesi cha bluu, kwa sababu ardhi nyeupe inarusha mwanga juu, mbao za nchi ya theluji zinaangazwa na tumbo. Hili huwezi kulibuni ukiwa umezoea ardhi ya nyumbani ambayo inameza mwanga, lazima uambiwe au ulione.

Matawi acha yakatikekatike. Pale tawi linapobeba theluji acha wazi, utarudi.

Hatua ya 9: sasa nyeupe

Safisha brashi, safisha tena, futa mpaka kitambaa kitoke kikavu, maana bluu kidogo tu iliyobaki inaharibu. Chukua nyeupe ya jua, nyingi, nene, usiichanganye na mafuta wala tapentaini, na uiweke juu ya uzio kwa mapigo mafupi, kila pigo mara moja na uinue mkono. Unene una kazi yake, rangi iliyosimama kwenye kanvasi inashika mwanga wa chumba kwa migongo yake na inang'aa kweli, siyo kwa kuigiza. Halafu vipande vya uwanja vilivyo kati ya vivuli, halafu theluji ya matawini, kidogo.

Nyeupe tupu ya tyubu, isiyo na kitu, utaitumia sasa hivi na mahali patatu au panne tu. Zaidi ya hapo unaipunguza nguvu, kila nyeupe unayoongeza inaiibia ile ya kwanza. Mi siku hizi tyubu moja inanimalizia baridi nzima.

Hatua ya 10: ndege

Ultramarini na siena nzito, tone la alizarini. Mapigo matatu, mwili, kichwa, mkia. Tumbo lake jeupe liko kivulini kwa hiyo ni bluu ya kivuli, siyo nyeupe, ukimpa nyeupe ya jua anakuwa stika. Weka kivuli chake na cha geti kwenye theluji mbele, usisahau, watu wengi wanamchora ndege vizuri halafu wanamwacha anaelea.

Kabla hajaingia, angalia picha yako. Mwingize, angalia tena. Giza moja dogo linapandisha mwanga wa kanvasi nzima, jicho limepata mahali pa kupimia. Mi kila nikifika hapa natabasamu, hata nikiwa peke yangu.

Kukagua tumia simu, piga picha kazi yako na ya Monet ziweke pamoja, zigeuze nyeusi na nyeupe, uone kama madaraja matano yamekaa. Lakini ukitaka kupiga picha theluji yenyewe nje kwa ajili ya kuchora baadaye, jihadhari, simu inaipimia kila kitu kama kijivu cha kati kwa hiyo theluji inatoka chafu, pandisha mwanga kidogo, na ile sehemu ya kurekebisha rangi iweke kwenye alama ya jua, ukiiacha iamue yenyewe itafuta bluu yote ya vivuli ikidhani inakusaidia.

Siku isiyo na jua

Haya yote ni ya siku ya jua. Kukiwa na wingu hakuna kivuli cha bluu, usikilazimishe. Angalia La Neige à Louveciennes ya Alfred Sisley ya mwaka 1878, nayo iko Orsay, njia kati ya kuta na mtu mmoja anakwenda zake, hapo tofauti zote ni za kijivu chenye joto na kijivu chenye baridi, na theluji mara nyingi ni nyepesi kuliko wingu lenyewe. Na baridi ya umande ulioganda ni jambo lingine tena, Camille Pissarro ana Gelée blanche ya mwaka 1873, shamba lililolimwa na vivuli vya miti ambayo haimo kwenye picha vinakatiza matuta. Alipoionyesha mwaka 1874 mwandishi wa gazeti la Le Charivari akaikejeli kwamba ni makwaruzo ya paleti kwenye kanvasi chafu. Iangalie kwa utulivu uone yale makwaruzo yanavyokuwa udongo ulioganda.

Ukitaka kutoka nje kuchora hapohapo, vaa kuliko unavyodhani. Monet mwenyewe alikuja huku Norwe mwaka 1895, ana miaka 54, akakaa Sandvika na kuchora mlima Kolsås kwenye theluji mpaka barafu ikamning'inia ndevuni. Ni karibu na Oslo, nimeshakwenda mara kadhaa na stendi yangu mgongoni. Rangi ya mafuta haigandi kama ya maji lakini inakuwa ngumu, weka tyubu ndani ya koti, na akriliki iache nyumbani kabisa. Kata ncha za glovu vidole viwili. Dakika 40 zinatosha, mwanga wenyewe utakuwa umeshahama.

Ikishakauka

Nyeupe nene ya mafuta inachukua miezi kukauka ndani, vanishi usipake kabla ya miezi sita. Na usiiweke picha ya theluji kabatini wala uvunguni, mafuta ya kitani yakikaa gizani yanageuka njano na theluji yako itaonekana kama ya juzi. Mi ilishanipata, nikaitoa moja imekuwa rangi ya karatasi ya zamani nikadhani ndiyo imekwisha, kumbe dawa yake ni mwanga, nikaiweka karibu na dirisha, siyo kwenye jua kali, baada ya wiki kadhaa ikaanza kurudi, bluu za kivulini zikatangulia.